Waya gani ununue ili laptopu yako isome gari

"Bosi, hii inasoma gari zote, mpaka Fuso." Ndivyo muuzaji alivyoniambia huku akinipa kidude cha bluu kidogo kuliko kiberiti. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikakichomeka kwenye IST yangu ya mwaka 2003, nikafungua laptopu. Dakika ishirini nzima maneno yaliyotokea ni yale yale: UNABLE TO CONNECT. Kesho yake nikakijaribu kwenye Demio ya jirani, kikasoma papo hapo. Kumbe kilikuwa kizima, ila lugha ya gari langu hakiijui.

Tangu siku hiyo nimenunua vingine vinne. Kimoja nimekiuza, kimoja kimeungua. Hapa nimevipanga kwa namba, kuanzia ninachokipendekeza zaidi, vifaa vya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari. Mpangilio wangu ni wa mtu mwenye gari la Kijapani lililoletwa likiwa limetumika, mwenye laptopu ambayo tayari anayo, na aliyechoka kutoa hela ya kupima kila taa ya injini inapowaka. Kama una gereji na unapokea magari ya kila aina, wewe nunua mashine ya mkononi ya mafundi. Haya mengine hayakuhusu.

Jambo moja la lugha kwanza. Gereji nyingi huziita "kodi" zile herufi na namba kama P0171. Mimi nitaandika misimbo, maana nikianza kueleza hapa namna ya kufuta kodi, TRA watanitafuta.

Kabla ya kutoa hela, inama chini ya usukani

Chukua tochi ya simu, tafuta soketi yenye matundu 16 katika safu mbili za manane, kwa kawaida karibu na magoti ya dereva. Upande mpana ukiwa juu, hesabu kutoka kushoto: juu ni 1 hadi 8, chini ni 9 hadi 16. Angalia ni matundu gani yana chuma ndani. Ukiona chuma kwenye 6 na 14, gari lina mtandao wa CAN, yaani njia mpya ambayo kompyuta za gari huongelea, na karibu kifaa chochote cha maana kitaelewana nalo. Ukiona 7 ina chuma huku 6 na 14 ni tupu, gari linaongea kwa njia ya zamani ya waya mmoja, na hapo ndipo watu hununua vitu vya kujutia.

Marekani iliwabana watengenezaji wote wafuate kiwango kimoja cha kusoma gari, OBD-II, kuanzia magari ya 1996. Ulaya ikafuata, ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli 2004. Sasa IST, Vitz na Premio zetu za zamani hazikutengenezewa huko. Zilitengenezwa ziuzwe Japani kwenyewe, ambako Toyota iliweka soketi ile ile lakini mara nyingi ikaacha kompyuta ya injini iongee kwa namna yake. Kwa nyingi za miaka hiyo, kompyuta husikiliza kwa kasi ya 9600 badala ya 10400, na anwani yake ni 13 badala ya 33. Tofauti ndogo kama hiyo inatosha kukufanya ukae dakika ishirini unatazama UNABLE TO CONNECT.

Namba 1: waya wa USB wenye chipu ya kweli (OBDLink SX au vLinker FS)

Hapa ndipo ningeweka hela yangu kama naanza upya. OBDLink SX inatumia chipu ya STN, inayoelewa amri zote za ELM327 (chipu maarufu ya kusoma magari, nitaieleza kwenye Namba 4) na nyingine zaidi. Ukiiandikia ATIB 96 na ATIIA 13, inabadilisha kasi na anwani kweli kweli, kisha Toyota ya 2003 inaitika. Vifaa feki vingi ukiviandikia hivyo hujibu OK halafu vinaendelea na mambo yao.

vLinker FS naipendekeza kwa wenye Mazda na Ford. Magari hayo yana mitandao miwili ya CAN, na waya huu huhama kutoka mmoja kwenda mwingine wenyewe, bila wewe kugusa swichi. Uoanishe na programu ya FORScan, ambayo toleo lake la kawaida ni bure. Kwa Demio, Axela, CX-5 au Ranger utasoma ABS, eabegi na gea boksi, vitu ambavyo programu za jumla hazivifikii. Bei za nje ni kama dola 30 hadi 60 kwa yoyote kati ya hizi mbili, na usafiri juu yako.

Kwa nini waya, wakati Bluetooth ipo? Kwa sababu faida ya laptopu juu ya simu ni kurekodi. Mfano ni ile Demio ya jirani. Taa ilikuwa inawaka na msimbo ni P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Fundi alishamwambia, "Dada, hii ni oksijeni sensa," na bei akamtajia. Tukachomeka waya, tukaacha injini ipate moto, tukarekodi namba mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu, zinazoonyesha kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, marekebisho ya muda mrefu yalikuwa asilimia 17 juu. Tukamwambia akanyage mafuta mpaka mizunguko 2500 na ashikilie hapo, yakashuka hadi 5. Sensa mbovu haina sababu ya kupona mtu akikanyaga mafuta. Tundu la hewa lina sababu: gari likiwa sailensa, hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote, ukikanyaga, inamezwa na ile inayopita njia halali. Tukafungua, tukaukuta mpira wa hewa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Kama namba zingepanda kadiri mtu anavyokanyaga, ningeshuku pampu ya mafuta, chujio, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Mchoro huo wa dakika tatu ndio ulioniuzia waya. Bluetooth ikikatika katikati ya mchoro, unaanza upya.

Namba 2: Mini VCI, kwa mwenye Toyota tu

Kama unamiliki Toyota na hutarajii kuiacha, hii inaweza kupanda mpaka namba 1. Ni waya wa dola 20 au 30 unaofanya kazi na Techstream, programu ya Toyota yenyewe. Unasoma injini, ABS, eabegi, gea boksi, hata mfumo wa funguo. Zaidi ya kusoma, unaamuru: unawasha feni ya rejeta ukiwa umekaa kwenye kiti, au kwenye magari yanayoruhusu unakata mafuta ya silenda moja moja kutafuta inayomisi. Silenda ukiikata na mngurumo usibadilike, huyo ndiye mgonjwa wako; nenda kwenye koili na plagi yake.

Kwa nini basi nimeiweka ya pili? Kwanza, usumbufu wa kuifunga. Draiva yake imeandikwa kwa Windows ya biti 32. Windows 11 haina toleo hilo kabisa, na kwenye Windows 10 ya biti 64 utahangaika na mafaili siku nzima. Dawa yake ni laptopu ya mtumba yenye Windows 7 ya biti 32, ile ambayo betri yake imechoka na hakuna anayeitaka.

Pili, hiyo sidii inayokuja kwenye boksi kwa kawaida ni nakala isiyo na ruhusa, na hujui nani mwingine amepanda humo. Techstream halali hulipiwa kwenye tovuti ya Toyota. Wewe utaamua, ila usiiweke sidii ya mtu usiyemjua kwenye laptopu unayoingilia benki.

Na tafadhali, usiitumie kuandika upya programu ya kompyuta ya gari. Kusoma, sawa. Kuandika kwa waya wa dola 20 ukikatika katikati, utanunua kompyuta nyingine.

Namba 3: KKL 409.1, kwa wenye Subaru

Waya huu ulitengenezewa Volkswagen za zamani, lakini hapa kwetu mwenye kuufaidi ni mtu wa Forester na Impreza. Kuna programu huria inaitwa FreeSSM, inaongea lugha ya Subaru wenyewe, na huu waya wa bei ya chini unatosha. Ukiununua, uliza chipu ya USB ni gani. Chipu feki za FTDI, kampuni inayotengeneza chipu za USB, zina historia: mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI ilipoingia kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya Windows, ilizibadilisha utambulisho chipu bandia na nyaya zikafa mikononi mwa wenyewe. Ya CH340, chipu nyingine ya USB, haina makuu, inafanya kazi.

Wenye Golf na Passat za karibuni, waya huu hauwatoshi. Chenu ni programu ya VCDS na kebo ya HEX-V2, za kampuni ya Ross-Tech, karibu dola 200 kwa ile ya magari matatu. Ni ghali, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Namba 4: ELM327 ya bei chee

ELM327 asili ilikuwa chipu ya Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga mwaka 2022. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, na watu wakalinakili mpaka leo. Ukiona kwenye boksi v1.5, ujue ni ya wanakili: Elm hawakutoa toleo lenye namba hiyo. Na v2.1 za vidude vya bluu mara nyingi ni mbaya zaidi, zimepunguzwa amri ili zitoshe kwenye chipu rahisi.

Hata hivyo sizitukani. Gari likiwa na chuma kwenye 6 na 14, na unachotaka ni kusoma msimbo na joto la injini, dola 10 zinatosha. Chagua ya USB kabla ya Bluetooth. Na kijaribu kidude mbele ya muuzaji. Kariakoo kupata maegesho ni kazi, lakini mwambie atoke nacho nje mpaka kwenye gari. Washa swichi, piga stata, fungua programu ndogo ya PuTTY kwenye laptopu, chagua tundu la COM lililojitokeza, kasi 38400, kisha andika:

ATZ – kinajitambulisha jina na toleo.
ATRV – kinakutajia umeme. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia 14 na ushee. Kikisema 9, kinadanganya au betri yako ina msiba.
0105 – joto la maji. Kikijibu 41 05 7B, hiyo 7B ni 123, toa 40, unapata nyuzi 83.
010C – mizunguko. Jibu la 41 0C 0C 80 ni 3200, gawa kwa 4, ni 800. Angalia dashibodi kama inakubali.

Kikijibu "?" au NO DATA kwenye mbili za mwisho, mrudishie kwa heshima. Dakika tano hizo zingeniokolea hela yangu ya kwanza.

Namba 5: za Wi-Fi

Kwa simu za iPhone zina maana yake. Kwa laptopu, zinateka Wi-Fi yako, kwa hiyo ukitaka kutafuta maana ya msimbo lazima ukate mawasiliano na gari. Sina la kuongeza.

Kuhusu laptopu yenyewe, usinunue mpya kwa kazi hii. Yenye RAM ya GB 4 na matundu mawili ya USB ambayo hayajalegea inatosha. Kulegea huko ndiko kunakoleta nusu ya lawama ambazo watu huzitupia waya. Iendeshe kwa betri yake wakati wa kupima, usiichaji kwa inveta ya kwenye gari lile lile.

Usifute msimbo kabla ya kuupiga picha pamoja na zile namba zilizogandishwa wakati kosa lilipotokea. Ukifuta, vyote vinaondoka, na fundi utakayempelekea atabaki anabahatisha kama zamani.

Ukimaliza, chomoa. Tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, hata swichi ikiwa imezimwa. Niliwahi kukiacha kidude kimechomekwa nikapanda basi kwenda Moshi, siku tisa. Niliporudi, IST haikuwa na nguvu hata ya kufungua milango kwa rimoti, na jirani wa Demio ndiye aliyekuja na nyaya za kuwashia.