Hedifoni moja kwa muvi, gemu na soga: maiki ndiyo iliyoniamulia

Usiku baada ya kazi, mimi na mdogo wangu wa kike tunakutana mtandaoni. Tunacheza gemu nyepesi kwa saa moja hivi, tukichoka kila mmoja anafungua muvi ileile kwake, tunahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza pamoja, na muda wote huo tunapiga soga. Kwa hiyo hedifoni yangu ina kazi tatu, na mara nyingi inazifanya zote kwa mpigo. Hilo la mwisho ndilo nililolisahau nilipoanza kununua, na limenigharimu hedifoni mbili kabla sijaipata hii niliyonayo masikioni sasa. Majina ya zile zilizonisumbua nayaacha, maana shida yake ni ya aina nzima, utaikuta kwa kampuni yoyote.

Ya kwanza ilikuwa ya Bluetooth, ya kusikilizia muziki, na kwa muziki sina neno nayo. Nilijaribu muvi yenye mvua kwenye paa la bati, nikasikia matone ya karibu na ya mbali, na nyuma yake mtu akivuta pumzi. Nikafurahi sana. Halafu nikampigia mdogo wangu. Alipopokea tu, mvua ile ikageuka kuwa mchanga unaomwagwa kwenye karatasi, na sauti yote ikabana katikati ya kichwa. Yeye naye akaniuliza, "Kaka, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?"

Nilidhani imeharibika. Nikaifuta kwenye kompyuta nikaiunganisha upya, nikaiwekea programu mpya, nikaichaji mpaka ikajaa. Hali ileile. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ilikuwa nzima kabisa, ikifanya kazi kama ilivyotengenezwa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitisha sauti. Moja inaitwa A2DP: ni ya kusikiliza tu, inaleta sauti ya masikio mawili, safi, lakini haina nafasi ya maiki kurudi. Nyingine inaitwa HFP, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu: sauti inakwenda na kurudi, lakini ni ileile kwa masikio yote mawili, na kwa kawaida inapimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde; vipimo vikiwa vingi, sauti inakuwa safi zaidi. Sidii ya muziki inapimwa mara 44,100. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, kompyuta inahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na inahama na kila kitu: muvi, gemu, muziki, vyote vinasikika kama simu.

Kama tayari unayo hedifoni ya namna hiyo, usiitupe. Ingia kwenye mipangilio ya programu unayoongelea, uchague maiki ya laptopu au maiki nyingine ya USB, na hedifoni uiache kazi ya kusikiliza tu. Sauti itarudi palepale. Mimi niliishi hivyo wiki mbili, ila maiki ya laptopu ilikuwa inabeba feni na kila herufi ninayoandika, mdogo wangu akawa ananiomba nipumzike kuandika ili anisikie.

Kuna Bluetooth mpya inayokuja kuliondoa tatizo hili, inayoitwa LE Audio, iliyotangazwa Januari 2020, yenye kodeki (njia ya kufungasha sauti ili isafiri) ya LC3. Hiyo inaweza kubeba sauti nzuri pande zote mbili. Lakini lazima hedifoni na kompyuta au simu yako zote ziikubali, kwa hiyo soma kwenye boksi na kwenye kifaa chako kabla ya kutoa hela. Namba ya Bluetooth 5.2 au 5.3 peke yake haitoshi kukuhakikishia kwamba imo.

Jambo la pili ni kuchelewa. Sauti ya Bluetooth hufungashwa, husafiri, halafu hufunguliwa, na kwa kodeki za kawaida safari hiyo inaweza kula milisekunde 150 mpaka 250. Ukitaka kujua ni kiasi gani, kumbuka kwamba hewani sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 200 ni sawa na kumtazama fundi anayegonga msumari akiwa karibu mita 70 kutoka ulipo: nyundo imeshainuka tena ndipo unasikia "ko". Kwenye muvi hili halisumbui sana, kwa sababu programu nyingi za kuchezea video zinajua hedifoni inachelewa, zinaichelewesha picha nayo. VLC isipofanya hivyo, kwenye Windows unabonyeza J au K, kila mbonyezo unasogeza sauti milisekunde 50, mpaka midomo ikubaliane na maneno. Nimefanya hivyo mara nyingi na inasaidia kweli.

Gemu haina ujanja huo. Picha haiwezi kukusubiri, kwa sababu haijulikani utabonyeza nini. Kwa gemu za kupanga vitu au za kulima shamba utavumilia. Ila kwenye gemu ya mbio, nilikuwa naona gari limeshagonga ukuta ndipo mlio unafika, na mkono ukaanza kusitasita, kwa sababu masikio na macho yalikuwa yanauambia mambo tofauti.

Ndipo nikanunua ya pili, inayokuja na kile kidude kidogo cha USB unachochomeka kwenye kompyuta. Nayo inatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Bluetooth, lakini kidude na hedifoni vina lugha yao wenyewe, iliyotengenezwa ili sauti ifike haraka na maiki iwe wazi muda wote. Tofauti niliiona dakika ya kwanza. Nikafungua maiki, mvua ikabaki mvua. Nikagonga ukuta kwenye mbio, mlio ukaja na ukuta. Kama utaondoka na kitu kimoja tu hapa, ondoka na hiki: anayetaka muvi, gemu na maongezi kwa pamoja, anunue yenye kidude cha USB.

Hata hivyo siku ya tatu ilianza kukatika. Tak, tak, kimya, halafu sauti inarudi. Niliilaumu hedifoni kwa siku mbili nzima. Kumbe kidude nilikichomeka ubavuni mwa diski ya nje inayotumia USB 3.0. USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye 2.4 GHz; Intel wenyewe waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2012. Dawa yake ni waya wa kuongezea USB, hata wa nusu mita, ukiweka kidude juu ya meza mbali na diski. Nilipofanya hivyo kukatika kuliisha. Router ya Wi-Fi iliyo karibu sana, pamoja na oveni ya maikrowevu, nazo zinatumia masafa hayohayo, kwa hiyo usikae katikati yao.

Iliyonifanya niiache hiyo ya pili ni maiki yake. Ilifichwa ndani ya kikombe cha sikio, haina mkono wa kuja mbele ya mdomo. Kwenye picha inapendeza. Kwenye maongezi, maiki iliyo sentimita 15 kutoka mdomoni inasikia chumba kizima kabla haijakusikia wewe. Nilijirekodi sekunde 30 feni ikiwa inazunguka, nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya kawaida, kisha nikajisikiliza. Nilisikia feni, kiti, na mtu anayeongea kwa mbali. Nikarudia na hii niliyonayo sasa, yenye mkono unaofika pembeni ya mdomo: maneno yapo mbele, feni ipo nyuma, hata herufi "s" haikwaruzi. Fanya jaribio hilo siku ileile unayonunua, wakati bado una haki ya kurudisha. Masikio yako yatakudanganya kuhusu maiki, kwa sababu huisikii wewe. Wanaisikia wenzako, na wengi wana aibu ya kukuambia.

Kitu kingine kwenye maiki ambacho matangazo hayakitaji sana: kujisikia mwenyewe. Hedifoni nzuri inarudisha sauti yako kidogo masikioni, na unaweza kuipandisha au kuishusha. Bila hiyo, masikio yakiwa yamezibwa, unaanza kupaza sauti bila kujua. Mama aliwahi kunigongea ukuta usiku wa manane akidhani nagombana na mtu. Tangu niiwashe, naongea kama mtu aliyekaa mezani.

Sasa hii ya tatu. Ina kidude cha USB na Bluetooth, na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja: gemu inatoka kwenye kompyuta, simu ikiita napokea bila kuvua. Arctis Nova 7 ya SteelSeries ni mfano unaojulikana wa mpangilio huo. Lakini angalia neno "kwa wakati mmoja", maana nyingine zina vyote viwili na zinakulazimisha uchague kimoja. Ukiwa na mashine ya gemu sebuleni, uliza mara mbili. PlayStation 5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja, inataka kidude. Xbox ina mfumo wake, kwa hiyo tafuta toleo lililoandikwa Xbox. Nintendo Switch ilianza kukubali hedifoni za Bluetooth Septemba 2021, lakini maiki yake haiisomi.

Kwenye muvi ilinipa shida moja ambayo si yake. Watu walikuwa wananong'ona, nikiongeza sauti bomu linalipuka na kunirusha kwenye kiti. Muvi nyingi zinakuja na sauti ya spika sita, na maneno ya waigizaji yanakaa kwenye spika ya katikati. Zikichanganywa ziwe mbili za masikioni, maneno yanaweza kuzama. Nilichagua sauti ya stereo pale inapopatikana, na pasipopatikana nikawasha kibanio cha sauti kwenye VLC, kinachoinua minong'ono na kushusha milipuko. Sasa nasikia kila neno bila kuumiza masikio. Na masikio yanaumia kweli: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ukifika 90 zinabaki saa 4 tu. Vikombe vinavyofunga vizuri vinasaidia hapa, kwa sababu hushindani na kelele za nje.

Ile "7.1" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani ahadi ya sauti ya spika nane, isikupandishie bei. Ndani kwa kawaida kuna spika mbili, moja kila sikio, na programu inaigiza zilizobaki. Inawezekana kwa sababu ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa tofauti ndogo ya muda kati ya sikio na sikio, isiyofika hata milisekunde moja. Kwenye gemu naiwasha, nyayo za mtu nyuma yangu nazijua ziko upande gani. Kwenye muvi naizima, kwani maneno yanapata mwangwi wa bafuni. Windows ina yake ya bure, Windows Sonic, jaribu hiyo kwanza.

Betri sikuipa uzito mkubwa. Kuna zinazoahidi saa 18, na kuna HyperX Cloud Alpha Wireless inayoahidi 300. Kwa mtu wa saa tatu kila usiku kama mimi, 18 ni siku sita, na siku ya sita nachomeka USB-C nikiwa naendelea kuongea. Ninachokijali zaidi ni tundu la waya la milimita 3.5, kwa sababu betri ya lithiamu itachoka baada ya miaka na kwa kawaida hatuwezi kuibadilisha wenyewe. Yenye tundu itaendelea kuishi kwa waya. Vilevile angalia kama sponji zinatoka na kama zinauzwa peke yake. Zile za ngozi bandia huwa zinabambuka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni.

Mdogo wangu aliponisikia nasifia hii yangu akataka ileile. Nilimkataza. Yangu inapita gramu 300, na yeye anavaa miwani. Saa ya kwanza huoni kitu, saa ya pili mkono wa miwani unaanza kubanwa kati ya kikombe na mfupa wa nyuma ya sikio, na hapo raha ya muvi imeisha. Tukamtafutia nyepesi zaidi, yenye sponji za kitambaa laini zinazoipa miwani nafasi ya kuzama, yenye kidude chake na maiki ya mkono. Besi yake ni ndogo kuliko yangu, alilitambua hilo mwenyewe na hakujali. Usiku wa kwanza tuliangalia muvi ya karibu saa tatu. Ilipoisha nikamsikia anaivua, kimya kidogo, kisha sauti yake ikaja kwa mbali kupitia maiki iliyokuwa mezani: "Kaka, nimepapasa nyuma ya masikio, leo hapaumi."