Nieuport 11 au SPAD VII: ipi kati ya ndege hizi za kivita za Ufaransa za Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa bora?

Wamarekani wa kujitolea wa kikosi cha anga cha Ufaransa N 124, kilichoundwa mjini Luxeuil Aprili 1916, walianza na Nieuport 11. Injini yake ya Le Rhône ilikuwa na nguvu za farasi 80 tu, lakini ndege ilikuwa nyepesi, yenye kukata kona upesi. Tabu ni bunduki ya rashasha ya Lewis juu ya bawa: risasi 47 zikiisha, rubani huishusha abadili kasha huku amebana usukani kwa magoti. Akipiga mbizi kali, bawa la chini lenye mhimili mmoja huweza kujipinda na kukatika.

SPAD VII ndiyo bora, maana ilihimili mbizi. Ilikuwa na injini ya Hispano-Suiza ya farasi 150 iliyopozwa kwa maji, na bunduki ya rashasha ya Vickers iliyofyatua katikati ya panga za propela. Ila injini ikizimika, hushuka kama jiwe.