Hedifoni za Kuzima Mngurumo wa Ndege: Sony WH-1000XM4 Kutoka Dodoma Hadi London

Hedifoni hizi nilisafiri nazo kutoka Dodoma hadi London kupitia Dar es Salaam na Doha, nikarudi nazo kwa njia hiyo hiyo. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyezivaa mpaka masikio yakachoka, si ya mtu aliyezijaribu dukani kwa dakika mbili.

Dukani ndiko wengi wetu tunakopotelea. Muuzaji mmoja wa hapa mjini alinivika hedifoni nyingine, si hizi, akafungulia muziki kwa sauti ya juu na kuniambia, "Bosi, sikia besi hiyo." Nilizilipia, tena baada ya yeye kuapa kwamba ni orijino, lakini nilipofika nyumbani na kuzivaa mbele ya friji bila muziki wowote, friji iliendelea kunguruma kama kawaida. Hilo ndilo jaribio ambalo ningelifanya kabla ya kutoa fedha: zivae bila muziki, usimame karibu na feni au jenereta, kisha uwashe na kuzima kitufe cha kuondoa kelele mara mbili tatu. Mngurumo usipopungua kwa kiasi cha kukushangaza, unachouziwa ni spika ndogo zenye sponji, hata kama boksi lina jina kubwa.

Kinachofanyika ndani yake ni hiki: maikrofoni ndogo husikia sauti ya nje, na hedifoni hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, hivyo mawimbi hayo mawili hufutana. Mbinu hiyo hufaa sana kwa sauti nzito isiyobadilika, kama ya injini, lakini si kwa sauti kali za ghafla. Kutoka Dar es Salaam hadi Doha, safari ya saa zipatazo sita, injini zilibaki kama upepo wa mbali, ila mtoto wa kiti cha nyuma nilimsikia vizuri kila alipolia. Anayetaka ukimya kamili hataupata kwa bei yoyote. Wazo la hedifoni za aina hii Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alilipata mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, na kampuni yake ilitoa za marubani mwaka 1989. Hata ndege za Bombardier Q400, zile tulizozoea kuziita pangaboi, zina mfumo wa namna hiyo wa kutuliza mtetemo na kelele ndani ya ndege, na herufi Q katika jina lake husimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya kimya; aliyekaa usawa wa mapanga yake atajua mwenyewe kama jina hilo limestahili.

Chaji ndiyo iliyonifanya nizipende. Sony wanasema hudumu saa 30 huku kizima kelele kikiwa kimewashwa, na mimi nilifika London bila kuzichaji njiani. Zina uzito wa gramu 254, na huingia katika mkoba wake zikiwa zimekunjwa kuwa ndogo, ilhali WH-1000XM5 zilizofuata mwaka 2022 hazikunjiki hivyo. Muhimu zaidi, zina waya wenye pini ya milimita 3.5: skrini za viti vingi vya ndege hazina Bluetooth, na baadhi ya ndege huhitaji adapta ya pini mbili, kitu kidogo ambacho ni afadhali ukitafute kabla ya kuondoka. AirPods Pro za toleo la pili, hedifoni ndogo za Apple za kuingiza sikioni, hutoa saa 6 tu kwa chaji moja, kisha hurudishwa kwenye kiboksi chake, na bila kifaa cha ziada hazina njia ya kuungana na skrini hiyo.

Kasoro zipo. Ngozi bandia ya sponji zake huchosha katika joto la Dodoma, na nilipokuwa nikisubiri ndege uwanjani nilizivua kila baada ya muda kufuta jasho, ingawa ndani ya ndege yenye baridi ziligeuka kuwa faraja. Mvaaji wa miwani ajaribu na miwani yake usoni, kwa sababu mkono wa miwani huinua sponji na kufungua upenyo ambao mngurumo hupitia. Misuko mikubwa nayo hubanwa na utepe wa kichwani.

Mke wangu, anayevaa hijabu, alizijaribu mara moja akanirudishia. Yeye amechagua zile ndogo za kuingiza sikioni, ambazo hukaa chini ya kitambaa bila kubana, na kwa safari zake za Dodoma na Dar es Salaam ndege hutua kabla chaji haijapungua hata nusu.