TAHADHARI: "Daktari" wa chanjo za kuku anayeleta majibu ya damu ya kughushi, Pwani na Dar

Wafugaji wenzangu, salaam. Nimekaa na hili wiki tatu nikiona aibu, maana mtu mzima kutapeliwa bandani kwake mwenyewe si habari ya kutangaza. Lakini juzi mama mmoja wa Mlandizi alinitumia picha ya majibu ya damu ya kuku wake, akitaka nimsaidie kuyasoma. Nikayatazama mara mbili, nikaenda kutoa ya kwangu kwenye faili. Namba ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kuku wake na wangu hawajawahi hata kunywa maji ya bomba moja.

Jina lake silitaji, shauri liko polisi na sitaki kuliharibu. Nitaeleza anavyofanya kazi, na atakayemkuta atamtambua kwa mwendo.

Kwangu Kibaha alikuja kwa kuletwa na jirani. Anaongea vizuri, ana koti jeupe na buti safi, na kabla ya kuingia bandani anakanyaga dawa ya kuua vijidudu mlangoni bila kukumbushwa. Hilo peke yake lilinimaliza. Bei yake ilikuwa Sh 400 kwa kuku, tangu kifaranga mpaka aanze kutaga: chanjo zote pamoja na "ufuatiliaji wa kundi", yaani kupima damu kuona kama kinga imeshika. Nilikuwa na kuku 600 wa mayai, nikalipa 240,000 kwa mafungu mawili. Mwaka juzi ugonjwa wa Gumboro ulinifagilia vifaranga wa wiki nne, kwa hiyo mtu aliposema atanipimia kinga nikaona huyu sasa ndiye mtaalamu.

Siku ya chanjo anafika na deli la bluu. Mara moja nilichungulia ndani: chupa moja ya maji ya kunywa, iliyokuwa barafu asubuhi na saa hizo imebaki maji tu, na vichupa viwili vya chanjo vinaelea pembeni yake. Nikamuuliza barafu iko wapi. Akacheka. "Bosi, hii si inatengenezwa hapa hapa kwenu Kibaha? Haisumbuliwi na joto."

Hapa pana ukweli nusu, na huo nusu ndio mtego. Ni kweli maabara ya veterinari ya serikali hapa Kibaha inatengeneza chanjo ya mdondo (wengine mnaita kideri) inayovumilia joto, Temevac, ya aina ya I-2. Wafugaji wa kuku wa kienyeji vijijini wanaijua vizuri: tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Lakini kuvumilia joto si ruhusa ya kuitembeza juani mchana kutwa, na zaidi ya hapo, kwenye kadi yangu aliandika kwa mkono wake "Lasota", ambayo ni chanjo nyingine ya mdondo. Lasota inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia kwa kuku. Ikikaa kwenye joto la Kibaha, unaweza kujikuta unawanywesha kuku maji yenye lebo.

Halafu akaimimina kwenye ndoo ya maji ya bomba, moja kwa moja. Maji ya bomba yana klorini, na klorini iliyowekwa kuua vijidudu haichagui, inaiua na chanjo hai. Dawa yake kila mfugaji mzoefu anaijua: maji ya kisima au ya mvua, au utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2 na nusu kwa lita, uyaache kidogo ndipo utie chanjo. Kuku unawanyima maji saa moja au mbili kabla ili wainywe yote ndani ya saa mbili. Yeye alikuta vinywesheo vimejaa, akaongezea juu.

Akimaliza anakusanya vichupa vyote na kuondoka navyo. "Havitupwi hovyo, vina virusi hai." Maneno ya kitaalamu kabisa, na ni kweli havitupwi hovyo. Matokeo yake sina hata kichupa kimoja cha kuonyesha namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Kadi yangu ina tiki siku ya 7, ya 14, ya 21, ya 28, na sahihi ya kupendeza. Ndiyo ushahidi wote nilionao.

Wiki ya 17 akaja kutoa damu. Tulikamata kuku kumi, mimi mwenyewe nikiwashika, akachoma mshipa wa chini ya bawa, akajaza vichupa kumi, akavitia mfuko wa shati, akapanda boda saa saba mchana. Siku ya nne karatasi ikaja kwa simu: nembo ya maabara, mhuri, safu ya namba, na chini yake "kundi lina kinga nzuri". Nikafurahi, nikaichapisha, nikaibandika ukutani. Ilikaa pale mpaka binti yangu wa darasa la sita akaniuliza, "Baba, mbona mlitoa damu kuku kumi halafu majibu ya kuku kumi na wawili?"

Wakati ananiuliza, nilikuwa nimeshazika.

Wiki ya 21 walikuwa ndiyo wanaanza kutaga. Jumatatu mayai yalipungua, mengine yakatoka bila ganda. Jumatano kinyesi cha kijani, kuku wanahema midomo wazi. Ijumaa wapo waliopinda shingo wakitazama juu kama wanatafuta kitu darini. Nikampigia simu, akaniuzia unga wa njano wa antibayotiki, eti ni mafua. Hakuna dawa inayotibu mdondo, ule ni ugonjwa wa virusi. Aliniuzia nikiwa nalia. Baada ya siku kumi na moja nilikuwa nimepoteza 437.

Afisa mifugo wa kata alipasua watatu mbele yangu. Akanionyesha lile tumbo dogo lililo kabla ya firigisi: ndani lina vidoa vya damu, kama mtu amelichoma kwa sindano. Akasema kwa macho ni mdondo, akachukua sampuli kwenda maabara, na maabara ikathibitisha.

Sikurukia kumlaumu mtu. Kuku aliyechanjwa kwa haki pia anaweza kuugua: kinga aliyorithi kwa mama inaweza kuifuta chanjo ya mapema, Gumboro ya utotoni inaharibu kiungo kinachojenga kinga, sumukuvu kwenye chakula nayo inadhoofisha. Yule bwana alipobanwa alikimbilia hiyo ya sumukuvu, tena kwa kujiamini. Ndipo nikaangalia banda la pili, vifaranga wangu wa wiki tisa, aliowahudumia yeye yule na ambao ugonjwa ulikuwa haujawafikia.

Hao alikuwa amewachoma ndui siku tisa kabla. Chanjo ya ndui ina uzuri mmoja, haiwezi kudanganya. Inachomwa kwa sindano ya ncha mbili kwenye utando wa bawa, na siku ya 7 hadi ya 10 pale ilipopita panavimba na kufanya kigaga. Unafunua bawa, unaona kwa jicho lako. Nilifunua mabawa 50 na taa ya simu mdomoni. Vigaga nilivyopata ni viwili, na kimoja nadhani kilikuwa jeraha la waya.

Nikatoa damu upya, ya hao wa banda la pili, safari hii na afisa mifugo, na nikaipeleka maabara mwenyewe, nikalipa dirishani, nikapewa risiti na namba ya sampuli. Kwenye kipimo cha kinga ya mdondo, kuku mwenye 3 kwenda juu huhesabiwa ana kinga. Kati ya kuku kumi, wanane walikuwa na 0 au 1. Nikiwa pale pale nikawaonyesha ile karatasi ya ukutani. Dada wa mapokezi akaitafuta namba kwenye daftari, haipo. Akaniambia mhuri wenyewe si wao.

Kwa hiyo ukiletewa huduma ya namna hii, vichupa vibaki kwako mpaka umeandika jina, toleo na tarehe kwenye daftari la banda, ndipo uvichome moto. Mwambie afungue mbele yako. Chanjo nyingi za unga mkavu zimefungwa zikiwa zimenyonywa hewa, kwa hiyo ukitoboa kizibo cha mpira kwa bomba la sindano lenye maji ya kuchanganyia, kichupa kinayavuta chenyewe. Kisipovuta, usikubali kabla hujajua kwa nini. Damu ipeleke mwenyewe, wiki mbili hadi tatu baada ya chanjo, au angalau piga simu maabara utaje namba ya sampuli. Na mtu akijiita daktari wa mifugo, muombe namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari. Mimi sikuomba, nilitazama buti.

Ninasikia sasa anazunguka upande wa Chanika na Mkuranga, simu aliyokuwa akitumia haipatikani. Karatasi anayogawa ina namba hizi, kutoka juu kwenda chini: 7, 8, 6, 7, 9, 7, 6, 8, 8, 7, 5, 7. Mama wa Mlandizi anayo, mimi ninayo. Kama unayo na wewe, hao kuku wako hesabu kwamba hawajachanjwa. Mwite afisa mifugo wa kata leo, kabla hujauza hata trei moja na kabla hujaruhusu mtu atoke bandani kwako kwenda kwa mwingine, kisha niandikie. Mpelelezi ameomba karatasi halisi, si picha.