Mita ndogo ya njano iliyomaliza kesi ya pikapu yangu

Hapa Njombe, Juni na Julai unaamka unakuta sakitu imelala kwenye majani. Baridi hiyo ndiyo ilifanya pikapu yangu ya dizeli ianze kunigomea. Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Nyuma moshi mweupe unanuka dizeli mbichi. Nikipiga mara sita saba inashika, inatetemeka kama dakika mbili, ndipo inatulia. Mchana inawaka mara moja.

Fundi akasema ni betri. Nikanunua mpya, Sh 280,000. Kesho yake asubuhi, hali ile ile. Iliniuma sana.

Ndipo nikachukua mita ya kidijitali ya kupimia umeme, ya Sh 25,000. Kwanza nikairudisha betri ya zamani garini: volti 12.5. Nikapiga stata, mke wangu akisoma mita, haikushuka chini ya 10.4. Betri ilikuwa nzima kabisa!

Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta yanawashwa na joto la hewa iliyobanwa, na silinda ikiwa ya baridi, chuma kinalinyonya joto hilo. Kazi ya hita plagi, vijiti vya umeme vinavyoingia kwenye silinda, ni kupasha kwanza. Zangu ziko nne. Nilifungua kibati kinachoziunganisha, nikaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), ncha moja kwenye kichwa cha plagi, nyingine kwenye chuma cha injini. Ya kwanza ikasoma 0.9. Tatu zilizobaki, mita iliandika 1 peke yake pembeni kushoto, yaani umeme haupiti. Na muda wote huo taa ya koili kwenye dashibodi, ile ya hita plagi, ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida, ndiyo maana hakuna aliyezishuku.

Nilibadilisha zote nne, injini ikiwa ya moto, maana plagi iliyoganda huweza kukatikia ndani. Asubuhi iliyofuata nilisubiri taa izime, nikapiga mara moja tu, ikawaka. Nilifurahi mno.

Kasoro za mita: kioo chake hakina taa, alfajiri unahitaji tochi, na waya zake ni nyembamba. Pia kwenye omu ndogo, ukigusanisha ncha zake inasoma 0.3 yenyewe, kwa hiyo toa hiyo 0.3 kwenye kila unachosoma. Kwa bei ile ninaipa nyota nne, na sasa inakaa ndani ya gari, chini ya kiti.