Mbiu ya ushindi ya Final Fantasy: noti tisa, na toleo lipi la kununua

Adui wa mwisho anapotoweka kwenye skrini, muziki wa pambano unakatwa hapo hapo bila kufifia, na noti tisa zinaingia. Ta-ta-ta-taa, taa, taa, ta-ta-taa. Mashujaa wanainua mikono, kisha yanatajwa mapato: pointi za uzoefu, gil kadhaa (ndizo pesa za humo), na pengine chupa ya dawa. Ndivyo ilivyokuwa katika gemu ya video ya kwanza ya mfululizo wa Final Fantasy, iliyotoka Japani tarehe 18 Desemba 1987 kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na aliyeitunga mbiu hiyo ni Nobuo Uematsu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hii ikilia, jambo limekwisha na unaweza kupumua.

Tunaipima hapa peke yake, kama mtu anavyopima betri au spika, kwa sababu ndicho kipande cha muziki utakachokisikia mara nyingi kuliko vyote. Muziki wa bosi mkuu unausikia mara moja mbili, ila mbiu hii utaisikia mamia ya mara kabla ya kumaliza gemu moja. Ikiwa na kasoro ndogo, kufikia saa ya kumi ya kucheza kasoro hiyo imeshakuwa kero. Bidhaa kuu tunayoitazama ni mkusanyiko wa Pixel Remaster, yaani matoleo mapya ya gemu za zamani, maana humo zimo gemu sita za mwanzo kwa pamoja. Zilizofuata tutazigusa pale palipo na la kusema.

Tuanze na jinsi ilivyojengwa. Noti ni tisa lakini sauti ni tatu tu. Ukiipiga katika C, unaanza na C mara nne, kisha A-flati, B-flati, C, B-flati, C. Wanaoimba kwaya kwa solfa waisome hivi: do, do, do, do, la iliyoshushwa nusu, ti iliyoshushwa nusu, do, ti ile ile, do. Utamu wote umo katika hizo mbili zilizoshushwa. Sikio lililozoea nyimbo za ibada au za dansi linategemea kupitishwa G kabla ya kurudi nyumbani C. Uematsu anakupitisha mlango wa uani: kordi ya A-flati, ya B-flati, halafu C, ngazi mbili za kupanda moja kwa moja. Ndiyo maana unapofika unajisikia umeinuliwa, japo sauti uliyofikia ni ile ile uliyoanzia.

Kwa gita haihitaji hata kuhama uzi. Tumia uzi wa tatu, yaani G: freti ya 5 mara nne, kisha 1, 3, 5, 3, 5. Kwenye kinanda ni kitufe kimoja cheupe na viwili vyeusi. Mdundo ndio unaowashinda wengi. Gawa mpigo mmoja mafungu matatu yaliyo sawa, hapo ndipo zinapokaa C tatu za kwanza. C ya nne inachukua mpigo wa pili, A-flati wa tatu, B-flati wa nne. Mpigo wa tano nao umegawanywa tatu: C mwanzoni, kimya katikati, B-flati mwishoni. C ya mwisho inaangukia mpigo wa sita na kushikiliwa.

Makosa yanayosikika katika video za watu wanaoipiga ni matatu, na karibu yote ni yale yale. La kwanza ni kuzipiga zile C tatu za mwanzo polepole kama noti za kawaida, mbili kwa mpigo, na mbiu inageuka kuwa mwendo wa gwaride la shule. La pili ni kusahau kushusha: anayepiga A na B za kawaida anapata kitu cha kitoto, hakina fahari. La tatu, ambalo hata wapigaji wazuri hulifanya, ni kuirefusha B-flati ya mwisho. Hiyo ni fupi, ni kama mtu anayechuchumaa kidogo kabla ya kuruka. Ukiilemea, mruko haupo.

Sasa turudi kwenye chombo. Chipu ya sauti ya Famicom ilikuwa na njia tano: mawimbi mawili ya mraba, moja la pembetatu, moja la kelele, na moja la sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kinachofanya kazi ya tarumbeta hapa ni mawimbi ya mraba, na besi inabebwa na pembetatu, ambayo haina hata uwezo wa kuongezwa au kupunguzwa sauti: imewashwa au imezimwa. Hebu fikiria tatizo la kupiga C nne mfululizo kwa wimbi la mraba. Wimbi hilo halina pumzi wala ulimi. Usipolishusha sauti kati ya noti na noti, C nne zinaungana kuwa mlio mmoja mrefu kama honi ya gari lililokwama. Lazima kila noti ianze kwa nguvu, ipungue, kisha iachiwe upenyo mdogo. Sikiliza toleo la zamani kwa makini na utausikia upenyo huo. Ndio unaoifanya mbiu igonge.

Super Famicom, mashine iliyofuata ya Nintendo, ilipokuja, na Final Fantasy ya nne (FF4) ikatoka mwaka 1991, njia zikawa nane na zikaanza kutumia sampuli za ala halisi. Kikwazo kilihamia kwenye nafasi, kwa kuwa sampuli zote za wimbo unaopigwa lazima zienee katika kilobaiti 64 za kumbukumbu ya sauti. Ndiyo sababu tarumbeta za FF6 zina ule ukungu kidogo, kama zinapigwa chumba cha pili. Kuna wanaouchukia ukungu huo. Kwa maoni yetu unaisaidia, maana mlio unaorudiwa mamia ya mara haufai kuwa mkali.

Pixel Remaster inakupa vyote viwili, sauti ya awali na mpangilio mpya, na hapo ndipo thamani yake ilipo. FF1, 2 na 3 zilitoka tarehe 28 Julai 2021 kwa Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) na simu, FF4 na FF5 zikafuata mwaka huo huo, na FF6 Februari 2022. Matoleo ya mashine za Switch na PS4 yalikuja 19 Aprili 2023, na Xbox ilisubiri hadi Septemba 2024. Muziki wote umepangwa upya chini ya usimamizi wa Uematsu mwenyewe. Ila swichi ya kuchagua kati ya mpangilio mpya na sauti ya awali ilikuja kwanza na yale matoleo ya 2023. Steam na simu zilipewa baadaye kwa sasisho. Kwa hiyo ukifungua mipangilio kwenye simu yako usiione, sasisha gemu kwanza kabla ya kulalamika.

Ushauri wetu kuhusu swichi hiyo haufanani kwa gemu zote. FF1 hadi FF3 zichezwe na sauti ya awali, hasa kwenye simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi, na mpangilio mpya wa okestra umetegemea besi na ngoma kuujaza mlio. Ukikosa hizo, kinachobaki ni tarumbeta zilizopauka. Wimbi la mraba halina shida hiyo. Lina makali ya juu yanayopenya hata spika ya bei ya chini. Kwa FF4, 5 na 6, ukiwa na hedifoni nzuri au runinga yenye spika za maana, weka mpangilio mpya. Hapo pumzi ya mpulizaji inasikika, na ile B-flati fupi ya mwisho inapigwa inavyostahili.

Jihadhari na hedifoni za Bluetooth. Nyingi huchelewesha sauti kidogo, na katika muziki wa kawaida hutagundua. Hapa utagundua, kwa sababu raha yote ya mbiu hii ni kuingia sambamba na adui anavyofutika. Ikichelewa hata kidogo tu, unaona mashujaa wameshainua mikono huku masikioni muziki wa vita bado unaendelea. Tumia waya. Kama simu yako haina tundu, adapta ya USB-C inamaliza tatizo.

Kitu kingine kinachoathiri mbiu bila watu kutambua ni vizidishio. Menyu inaruhusu kuongeza uzoefu na gil hadi mara 4, au kuzishusha hadi 0, na pia kuzima kabisa mapambano ya ghafla njiani. Ukiweka mara 4 tangu mwanzo, leveli zinapanda haraka, mapambano yanapungua, na mbiu unaisikia kwa nadra. Huenda hilo ndilo unalotaka. Lakini FF1 kwenye mara 4 ni kama pilau iliyotolewa jikoni kabla ya kukaushwa: vitu vyote vimo, ila havijaivana. Mara 2 inatosha kwa mtu mwenye kazi na familia. Upande wa pili, ukitumia pambano la kujiendesha huku ukipita haraka skrini za mapato, mbiu inakatwa noti ya tano au ya sita kila mara, na baada ya nusu saa inaudhi. Ama iache iishe, ama punguza mapambano.

Kwenye menyu ya ziada kuna kicheza muziki, unaweza kuisikiliza mbiu peke yake bila kupigana na mtu. Hapo ndipo utakapousikia vizuri mkia, kile kipande kinachofuata noti tisa na kujirudia mpaka ubonyeze kitufe. Noti tisa ni za kurithishana. Mkia ndio unaobadilishwa toka gemu hadi gemu, na FF7 ina wake kabisa. Lugha ya Kiswahili haimo katika mkusanyiko huu, na zile herufi nyembamba za mwanzo zilikuwa mateso kusoma. Toleo la 2023 lilileta herufi za pikseli, zichague hizo.

FF7 ya 1997 ipewe aya yake. Takribani muziki wake wote unapigwa papo hapo na chipu ya sauti ya PlayStation, yenye njia 24, badala ya kusomwa kama rekodi kutoka kwenye diski. Faida yake ni kwamba mbiu haisubiri diski izunguke. Lakini jambo la kusikiliza zaidi katika gemu hiyo ni pale mbiu inaponyimwa. Kuna pambano kuelekea mwisho wa diski ya kwanza, waliocheza wanalijua, ambapo wimbo wa Aerith, mmoja wa mashujaa, unaendelea wakati unapigana, na ukishinda, noti tisa haziji. Umeshazisikia mamia ya mara, mkono umekaa tayari, na hakuna kitu. Mtu aliyeruka mapambano hawezi kulihisi pengo hilo kwa uzito ule ule.

Baada ya hapo mambo yalilegea. FF12 iliondoa mpaka kati ya matembezi na pambano, adui wanazurura tu porini, kwa hiyo mbiu ikabakishwa kwa mabosi. Uamuzi wa busara. FF13 ilibaki na skrini ya matokeo lakini ikaja na mlio mwingine wa mtunzi Masashi Hamauzu. Ni mlio mzuri, lakini ni kama kubadilisha adhana ya msikiti wa mtaa: wazee watauliza. FF14, ile ya mtandaoni, inaipiga kikosi kinapomaliza kazi, na hapo inafaa kwa sababu mnaisikia wengi kwa pamoja. Katika FF15 ya 2016 haipigwi na okestra baada ya kila pambano. Prompto, mpiga picha wa kundi, ndiye anayeiimba mdomoni pindi adui wakiisha. FF7 Remake ya 2020 ikampa Barret, mmoja wa mashujaa wake, kazi hiyo hiyo, naye anaiimba kwa sauti nzito kama kondakta aliyepata siti zote. Wengine waliona ni mzaha wa bei rahisi. Sisi tunaona ni suluhisho bora kuliko kuifuta, maana katika gemu isiyosimama baada ya pambano, njia pekee ya kuingiza mbiu bila kukata mwendo ni kuiweka kinywani mwa mtu.

Tarehe 23 Julai 2021, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, mbiu hii ilikuwa miongoni mwa nyimbo za gemu zilizosindikiza gwaride la mataifa, gwaride ambalo Kenya, Tanzania na Uganda nazo zilipita. Uwanja ulikuwa karibu mtupu kwa sababu ya korona, na tarumbeta zikawa zinavuma juu ya viti vitupu.

Kuhusu bei: kwenye Steam FF1 na FF2 ziliingia sokoni kwa dola 11.99 kila moja, na FF3 hadi FF6 kwa dola 17.99. Unalipa mara moja, hakuna matangazo. Punguzo hutokea mara kwa mara, subiri moja. Ukitaka gemu moja tu, chukua FF6. Ukitaka mbiu yenyewe, jinsi ilivyozaliwa, chukua FF1, weka sauti ya awali, chomeka waya, na uende ukawapige goblini nje ya mji wa Cornelia.