Cherehani ya kukanyaga Butterfly: nimeitumia kushona mikoba nyumbani tangu 2023, haya ndo niliyoyaona

Habarini wapendwa, naandika hii kwa ajili ya dada zangu na mama zangu mnaoniuliza kila siku kwenye stetasi, "dada ulianzaje, unatumia cherehani gani, inalipa kweli?" Nimeona niandike mara moja vizuri, mana kujibu mmoja mmoja naishia kumwambia mtu nusu ya habari.

Mimi nakaa Mabatini hapa Mwanza, kule juu mlimani kwenye mawe, nina kazi yangu ya mchana mjini na jioni nashona mikoba ya vitenge. Sio fundi wa nguo mimi, gauni siwezi, suruali ndo kabisa, nashona mikoba tu.

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Kabla ya hii Butterfly nilinunua kile kicherehani kidogo cha plastiki cha umeme, cheupe, nilikiona mtandaoni nikalipa 65,000 nikaletewa na boda. Kwenye video kilikuwa kinakimbia vizuri. Nilipoanza kushona kitenge pande mbili kikaenda, nikaongeza bitana kikaanza kulia, nilipofika kwenye mkono wa mkoba ambapo kitambaa kinakuwa kimejikunja mara nne mpaka sita sindano ikagoma kabisa, moshi ukatoka kidogo kwenye mota na ndo ikawa mwisho wake. Wiki ya pili tu hiyo. Aliyeniuzia akaacha kujibu meseji. Nililia jamani, mana 65,000 ile ilikuwa ya kikoba chetu cha kuweka na kukopa na ilitakiwa irudi. Vile vicherehani vinafaa kwa kupinda pindo la pazia au kuziba nguo ya mtoto ilochanika, lakini kwa mtu anaetaka kuuza hapana, msinunue.

Shangazi yangu ndo akaniambia, "Mwanangu, tafuta cheusi cha chuma, cha kukanyaga, hicho kitakuzika." Yeye ana Singer aliyoachiwa na mama yake na mpaka leo inashona. Basi nikajipanga, Septemba 2023 nikachukua Butterfly mpya mjini, kichwa na meza yake, 280,000. Bei zinatofautiana duka hadi duka na msimu hadi msimu kwa hiyo msinishikilie kwenye hiyo namba, pita maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Kuifikisha nyumbani ni hadithi nyingine. Wanaokaa Mabatini juu, au Igogo, au kule Bugando mlimani wananielewa, gari inaishia chini barabarani, baada ya hapo ni ngazi na mawe. Vijana wawili waliibeba, mmoja meza kichwani mwingine kichwa cha cherehani begani, nikawalipa 10,000 na soda. Ni nzito sana ile kitu. Kama unapanga na unahamahama ulifikirie hilo. Ila uzito huohuo ndo unaifanya isitingishike ukishona kitu kigumu.

Sasa ubora wake. Kitu cha kwanza kabisa ni umeme. Nimeinunua Septemba, mwishoni mwa mwaka huohuo mnakumbuka mgao ulivyokuwa, mwaka 2023 kuingia 2024 mpaka mitambo ya bwawa la Nyerere ilipoanza kuwaka. Mafundi wenye cherehani za umeme walikuwa wanakaa wanasubiri, mimi nawasha taa yangu ya sola nakanyaga. Desemba ile nilimaliza oda zote za Krismasi, hata moja haikulala. Mimi nasema kwa mtu wa nyumbani, hela ya kuanzia ni ndogo, hii sababu peke yake inatosha.

Kitu cha pili ni nguvu. Nikiweka sindano namba 14 nashona kitenge na bitana bila shida, namba 16 nikiongeza tabaka, namba 18 nashona jinsi na turubai. Ndio, turubai! Hapa ndo pesa yangu ilipotokea, ngoja niwaambie.

Nilianza na vipochi na mikoba ya kutokea, ile mizuri mizuri yenye kifungo. Ilipendwa sana, lakini kupendwa na kununuliwa ni vitu viwili. Watu wanaandika "jamani nzuri hiyo dada" wanapita. Alafu siku moja mama mmoja anaechukuaga samaki Mwaloni pale Kirumba akaniambia, "Wewe mwanangu, mbona hunishonei mkoba wa sokoni ambao nikiweka sato haivuji maji, alafu nikifika nyumbani nauosha?" Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 watu wanabeba ile mifuko laini ya dukani ambayo ukiweka kitu kibichi inalowa na mshikio unakatika njiani. Nikakaa nikafikiria, nikashona mkoba wa kitenge kwa nje na ndani nikaweka turubai jepesi, chini nikaweka kipande cha jinsi ili ukae wima. Nikampelekea. Wiki iliyofuata wakaja wenzake wanne. Mpaka leo huo ndo mkoba unaonilisha, vile vipochi nashona mtu akiagiza tu.

Kile kicherehani cheupe kisingeweza hii kazi hata kidogo. Butterfly inapita kwenye turubai na jinsi kwa pamoja, ila uende polepole na pale kwenye tabaka nyingi uzungushe gurudumu kwa mkono, usikanyage kwa hasira utavunja sindano ikurukie.

Hesabu sasa, mana wengi ndo mnachotaka. Kitenge cha kawaida cha yadi mbili nachukua 9,000, kinatoa mikoba mitatu, kwa hiyo 3,000 kila mmoja. Turubai la ndani 1,500. Mikanda ya kushikia 1,500. Jinsi nachukua mabaki kwa fundi wa suruali, hiyo bure. Zipu ndogo ya mfuko wa ndani na uzi weka 1,000. Jumla 7,000. Mwanzoni nilikuwa nauza 8,000 nikijiona nina faida, yani masaa mawili na nusu ya kukanyaga na mgongo kuuma kwa 1,000! Na hapo sijahesabu bando wala nauli. Nilikuwa naogopa watu watasema ghali. Siku niliyopandisha mpaka 15,000 nilitetemeka kuandika hiyo bei lakini wateja walobaki ni walewale, waliopungua ni wale walokuwa wanaomba punguzo hata kwenye 8,000. Nikimpa mwenye duka wa kuuza tena naachia 10,000 kuanzia mikoba 10, chini ya hapo hapana.

Kwa wiki natoa mikoba 6, nikijitahidi 8, nisidanganye mtu hapa kwamba utaacha kazi mwezi wa pili. Sita mara faida ya 8,000 ni 48,000. Hela ya cherehani ilirudi mwezi wa tano. Kwangu ni ada ya mtoto na gesi, na ni hela ambayo siombi mtu, hilo lina raha yake.

Mapungufu nayo niyaseme maana yapo. Hii mashine inashona mshono ulionyooka tu, haina zigizaga, kwa hiyo kingo za kitenge zitachambuka usipozificha ndani ya bitana au kuzikunja mara mbili. Kwa mikoba sio tatizo, kwa anaetaka kushona nguo za kunyumbulika itamsumbua. Ya pili, kujifunza kukanyaga. Wiki nzima ya kwanza gurudumu lilikuwa linarudi nyuma na kila likirudi uzi unakatika na kujisokota kule chini kwenye bobini, yani kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikafikiri nimeuziwa mbovu. Kumbe ni mguu wangu. Dawa yake toa uzi wote, weka karatasi tupu, kanyaga tu dakika 20 kwa siku mpaka mguu uzoee kwenda mbele. Ya tatu, meza. Mbao yake ni ile ya kubandika, msimu wa masika maji yalivuja kwenye bati yakaingia upande mmoja ikavimba. Nimeifunika na kipande cha turubai sasa. Na kelele, chuma kinalia usiku, mimi saa nne nafunga kwa heshima ya majirani, nyumba zetu huku zimegusana.

Mkanda wa ngozi nao hulegea baada ya miezi kadhaa, usikimbilie kununua mpya, unakatwa kidogo unaungwa tena na kile kipini chake, fundi alinionyesha mara moja nafanya mwenyewe. Mashine ikianza kuruka mishono angalia sindano kwanza, mara nyingi imepinda au umeigeuza upande usio wake. Mimi nishawahi kubeba kichwa chote mpaka chini kwa fundi, akabadilisha sindano ya 500 tu akaniambia "nenda nyumbani mama".

Kuuza sasa, kwa sisi wa mlimani. Mteja hapandi kwangu, nilijaribu kuelekeza watu wakapotea kwenye mawe wakakata tamaa. Kwa hiyo nina siku mbili, Jumatano na Jumamosi, nashuka na mzigo kukutana na wateja chini barabarani au mjini, wa Nyegezi na Buzuruga nawapa boda wanalipia wenyewe. Oda zote naanza na nusu ya hela kwenye simu, hata kwa rafiki, hata kwa ndugu. Nilishona mikoba 12 ya kamati ya harusi bila advansi, rangi walochagua wao, harusi ikasogezwa na rangi zikabadilishwa. Ilinichukua miezi mitatu kuiuza mmoja mmoja. Wa mikoani natuma kwa basi, wa Bukoba mara nyingine kwa meli, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mizigo ya Sengerema na Geita inafika siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko, nimepata wateja wazuri sana upande ule.

Na picha, wapendwa. Piga picha nje asubuhi, mkoba ukiwa na vitu ndani, nyanya, mchicha, sato mkia umechungulia. Mkoba mtupu ukutani haumwambii mtu kitu.

Kwa ujumla mimi naipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya meza. Ukipata ya mtumba nzuri pia chukua, ila kabla ya kulipa zungusha gurudumu kwa mkono, lizunguke laini bila kukwaruza, chomoa bobini uangalie kama kuna kutu, alafu shona kipande cha jinsi kilichokunjwa mara nne mbele ya muuzaji, nenda nacho kabisa kwenye pochi, asikwambie "nyumbani itashona". Na siku hiyohiyo nunua mafuta ya cherehani, kichupa kidogo tu, uweke matone kila wiki kwenye matundu yake. Mafuta ya kula usiweke kamwe, yanaganda ndani, kuna jirani yangu alifanya hivyo na ikabidi fundi aifungue yote aioshe na mafuta ya taa siku nzima.